Mpira Uliobaki Kidoleni

Vijana wangu mnaofanya kazi hospitalini, habari za mioyo na figo sitawaambia, hizo mnazijua kunipita. Mimi nilikuwa dresa, mfunga vidonda, na nilikuwa mtu wa miguu. Miaka yangu mingi kazini niliitazama dunia kuanzia kifundo kwenda chini, na kuna watu Nakuru ambao nilijua vidole vyao kabla sijajua majina yao. Mama mmoja wa sokoni nilizoea kumsalimia huku nikitazama chini, mpaka siku moja akanishika kidevu: "Dresa, uso wangu uko huku juu."

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, pembeni mwa mji, upande wa kwenda Subukia. Ilishafungwa zamani na jina lake sitalitaja, kwa maana nitakayosema ni makosa yangu mimi, si ya majengo. Ilikuwa miaka ya hamsini. Chumba cha upasuaji, ambacho sote tulikiita thieta, kilikuwa na meza moja, taa moja, na dirisha lililopitisha vumbi la Nakuru hata likiwa limefungwa. Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye haraka, aliyekuja kwetu mara mbili kwa wiki. Jumanne ilikuwa siku ya miguu: kucha zilizoota ndani ya nyama, miiba iliyokatikia ndani, vipande vya chupa, majipu ya nyayo, vidole vilivyoharibiwa na funza. Upasuaji mdogo. Mtu anakuja asubuhi, mchana anarudi kwake.

Hilo neno "mdogo" liogopeni. Upasuaji ukiitwa mkubwa, kila mtu anakaza macho. Ukiitwa mdogo, watu wanaanza kupiga hadithi.

Nilipofika pale kutoka Maragoli nilijua kusoma, kuandika, na kufunga bendeji ya kila aina. Nilijiona nimemaliza. Aliyenifundisha kwamba sijaanza hakuwa Daktari wala Sista. Alikuwa Bi Zuhura, mama wa mtaa wa Bondeni ambaye baba yake alikuja bara kutoka pwani kufanya kazi ya reli. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kufua nguo za thieta na kuchemsha vyombo. Kwa kweli, bila yeye hakuna kilichotembea.

"Daudi mwanangu," aliniambia wiki ya kwanza, akitazama trei niliyoipanga, "hii ni trei ama ni kabati la mlevi? Daktari akinyoosha mkono, usimpe kitu cha kutafuta."

Akaipanga upya mbele yangu. Kila kifaa kililala kwa zamu yake, kuanzia kushoto: dawa ya kusafishia, sindano ya ganzi, mpira wa kufungia damu, kisu, koleo, mkasi, shashi, bendeji. Mkono ukifika mwisho wa trei upande wa kulia, kazi imekwisha. Naona sasa vyombo vinakuja vimefungwa tayari kutoka kiwandani, na mpangilio wenu ni mzuri sana. Lakini mjue kuna mama aliyeyafikiria mambo hayo akiwa na mikono iliyojaa sabuni.

Ndiye pia aliyetutoa kwenye aibu ya kuosha miguu mezani. Zamani mgonjwa aliingia na vumbi lake lote, tukampandisha, ndipo tukaanza kusugua huku Daktari amesimama na mikono juu kama mtu aliyetekwa. Kuosha kulichukua muda mrefu kuliko kukata. Bi Zuhura akatoa benchi nje, akapanga mabeseni manne, maji ya moto, sabuni na brashi. Wagonjwa wakakaa wanne wanne wakiloweka miguu na kupiga domo, na kila mmoja akaingia ndani akiwa safi. Zamani tulimaliza jua limeshapinduka. Baada ya mabeseni tukawa tunamaliza kabla ya chakula cha mchana, na vidonda vilivyorudi na usaha vikapungua kiasi kwamba Sista mwenyewe alikuja kulitazama lile benchi kama anayetazama mashine.

Sista, muuguzi mkuu wetu, alikuwa mwanamke wa Kizungu, mfupi, mwenye saa iliyoning'inia kifuani. Sheria yake ilikuwa moja: miguu misafi kwanza, yenye usaha mwisho. Mimi niliivunja mara moja tu. Alikuja nyapara wa shamba moja la Mau Narok mwenye jipu la unyayo, mtu wa kelele, akaniambia yeye hawezi kungoja nyuma ya wapagazi. Nikamtanguliza. Sista alipoona usaha mezani na watu sita safi wakingoja, hakunigombeza. Alinipa ndoo. Nikasugua thieta yote, kuta mpaka kiuno, vyombo vikachemshwa upya, na wale sita wakanitazama dirishani muda huo wote. Nyapara aliaga akanipungia mkono.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Ninalotaka mlisikie ni la Kimutai.

Kimutai alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba moja la Subukia. Mwajiri wake alimpa gambuti, buti ndefu za mpira, za kuvaa zizini, nzuri, ila zilikuwa ndogo. Alizivaa hivyo hivyo msimu mzima bila kusema. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ukaingia ndani ya nyama, kidole kikavimba kama kitunguu. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, na alipolala mezani alituomba radhi kwa sababu ya harufu ya maziwa.

Kazi ya ukucha ilikwenda hivi. Daktari anachoma ganzi pande mbili za kidole. Halafu anakifunga shinani kwa kipande cha mpira mwembamba, ili damu isije wakati anakata. Akimaliza, mpira unafunguliwa, damu inarudi, ndipo kidole kinafungwa bendeji. Mpira ule hauwezi kukaa muda mrefu. Kidole kisichopata damu kinakufa, na kikifa kinakatwa.

Sasa sikilizeni Kiswahili cha Daktari. Akitaka mpira utolewe, alisema "fungua." Akitaka bendeji, alisema "funga." Kwa mdomo wa mtu wa hapa hayo ni maneno mawili. Kwa mdomo wake yalikuwa neno moja na nusu.

Siku ile alimaliza kumkata Kimutai, Sista akiandika kwenye daftari pembeni, akageuka kunawa mikono. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki. Bila kugeuka akasema neno lake. Mimi nilisikia "funga." Nikafunga. Nikafunga vizuri sana, vijana, bendeji ya kupigwa picha. Mpira ulikuwa wa rangi ya ngozi, mwembamba, umelowa, na shashi ya kwanza tu iliufunika.

Msinitetee kwa kusema Daktari alitamka vibaya. Nilijua utaratibu. Mpira kwanza, bendeji baadaye. Nilijua kama ninavyojua jina langu, lakini mabeseni yalikuwa yamejaa nje na nilitaka kumwita mwingine.

Tulimwacha apumzike kidogo, kisha nikamsindikiza Kimutai hadi kwenye lori la shamba lao lililokuja mjini na makopo ya krimu. Nikamwambia maneno niliyowaambia wote: "Ganzi ikiisha itauma. Vumilia. Bendeji usiiguse mpaka siku ya tatu."

"Sawa, dresa," akasema. "Sitagusa."

Ilikuwa karibu saa sita Bi Zuhura aliponiita. Alikuwa na bakuli la vyombo mbele yake.

"Asubuhi nilikupa mipira mingapi?"

"Sita."

"Hapa iko mitano."

Tukamwaga pipa la takataka sakafuni. Tukapekua shashi zenye damu moja moja. Tukakung'uta mashuka. Hakuna. Watu waliofungwa mpira siku ile walikuwa watatu tu. Msichana mmoja alikuwa bado wodini. Nikamfungua, kidole chake kilikuwa kizima. Wa pili alikuwa fundi wa nguo wa Bondeni. Wa tatu nilimwona akilini akipanda lori, na papo hapo nikasikia tena yale maji ya sinki. Nikakaa juu ya ndoo.

"Usikae," Bi Zuhura akasema. "Mimi naenda kwa fundi, ni karibu. Wewe nenda Subukia."

"Sista hayuko. Daktari ameshaondoka. Nitaomba ruhusa kwa nani?"

"Ruhusa utaomba ukirudi. Kidole hakingojei Sista."

Nikachukua mkasi, shashi na bendeji, nikatoka mbio hadi barabarani. Mungu si mwanadamu, lori la Mutua lilikuwa linakuja. Mutua alikuwa dereva Mkamba wa kubeba maziwa ambaye nilimtibu jipu la kwapa mwaka uliotangulia. Nikampungia mikono yote miwili. Akanipandisha bila swali, na nilipomweleza, akakanyaga mafuta mpaka makopo matupu yakawa yanaruka nyuma.

Tukafika kwenye kizuizi cha barabarani. Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na kila barabara ilikuwa na askari. Ndipo nilipojitazama. Nilikuwa nimevaa aproni ya thieta yenye damu, nina mkasi mkononi, na kipande changu cha kitambulisho kilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa hospitali.

"Wewe, shuka," askari akasema. "Hiyo damu ni ya nani?"

"Ya mgonjwa, afande."

"Mgonjwa iko wapi?"

"Subukia."

Akanizunguka pole pole. "Damu iko hapa, mtu iko Subukia. Na makasi ni ya nini?"

"Ya kukata bendeji, afande. Nilimfunga vibaya. Kidole chake kinakufa sasa hivi tukiongea."

"Kipande?"

Nikamwambia kimebaki hospitalini. Akaninyang'anya mkasi, akaniambia nikae chini, kando ya barabara, mikono kichwani. Nikakaa. Kila gari lililosimama nilihesabu dakika za Kimutai. Nililia, sitawaficha. Askari mwingine akanicheka.

Mutua ndiye aliyeniokoa. Alishuka, akavua shati pale pale barabarani, akainua mkono. "Afande, tazama hapa. Hii kovu ni kazi yake. Huyu ni dresa. Mimi napita hapa kila siku, wewe unanijua. Kama ni mwongo, kesho nishike mimi."

Askari akalitazama kwapa la Mutua muda mrefu. Kisha akanitupia mkasi wangu. "Haya, kimbia. Lakini vua hiyo aproni, utaogopesha watu."

Saa nane ilikuwa imepita tulipofika kwenye nyumba za wafanyakazi. Kimutai alikuwa ameketi nje juu ya gunia, mgongo ukutani, mguu ameunyoosha mbele. Jasho lilikuwa linamtiririka na midomo ameiuma. Mke wake alikuwa amepiga magoti kando yake, na aliponiona alisimama wima.

"Wewe ndiye dresa?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu adhuhuri namwambia afungue hiyo kitu. Analia kama mtoto, lakini anakataa. Anasema dresa amekataza."

Vijana, nimepigwa na baba, nimepigwa na walimu, na nimeng'atwa na mbwa. Hakuna lililowahi kuniuma kama maneno hayo. Alivumilia kwa sababu mimi nilimwambia avumilie.

Nikakata bendeji. Kidole kilikuwa baridi, kigumu, cheusi kwa weusi usio wa mtu. Nikapenyeza ncha ya mkasi chini ya mpira, nikaukata, ukaruka kama mdudu na kuanguka vumbini. Halafu tukangoja. Kimutai, mkewe, Mutua na mimi, vichwa vinne juu ya kidole kimoja. Kwa muda hakuna kilichotokea. Nikakisugua kwa viganja, nikakipulizia. Kisha tone moja la damu likajitokeza pembeni mwa kidonda. Likafuata lingine. Maisha yangu yote nilifundishwa kuzuia damu, na siku ile nilifurahi kuiona ikitoka kama mtu aliyeona mvua. Damu iliporudi kidoleni, yule mpole Kimutai alitukana kwa Kikalenjin, maneno ambayo Mutua alikataa kunitafsiria.

Mama akaokota mpira kutoka chini. Akaufuta kwa vidole.

"Hii ilikuwa ya kukaa ndani?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema ni dawa mpya, ni ya kuzuia damu, nimekuja kuitoa kwa saa yake. Wangeamini na hata kunishukuru. Nikamtazama Kimutai na midomo yake yenye alama za meno.

"Hapana, mama. Nilisahau kuitoa. Kosa ni langu."

Kimutai ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Umetoka Nakuru kwa sababu ya hii tu?"

"Ndiyo."

"Basi kaa," mama akasema. Haikuwa kunikaribisha, ilikuwa amri. "Utaondoka hiyo kidole ikiwa na joto. Nitaishika mimi mwenyewe."

Nikabaki kwao. Kila baada ya muda alikuja, akakishika kidole kwa nyuma ya mkono wake kama anayepima uji wa mtoto, akatikisa kichwa, akaenda. Asubuhi alikishika, kisha akakishika kile cha mguu wa kushoto kulinganisha. "Sasa nenda," akasema, na kuniwekea chupa ya maziwa kwapani.

Sista alikuwa mlangoni niliporudi. Bi Zuhura alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, tayari kunitetea. Kidole cha fundi kilikuwa kizima.

"Umeondoka bila ruhusa," Sista akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Kidole?"

"Kina joto."

Akaingia ofisini, akafungua kitabu cha makosa. Nilijua mwisho wangu umefika. Akaandika, akakigeuza nisome. Jina la kwanza lilikuwa lake, kwa sababu hakuhesabu mipira kabla wagonjwa hawajaondoka. La pili lilikuwa la Daktari. Langu lilikuwa la tatu. "Tulikuwa watu watatu chumbani," akasema, "na hakuna aliyeangalia." Kisha akanituma nikaoge.

Jumanne iliyofuata Daktari alikuja amenyamaza. Alimwomba Bi Zuhura amfundishe kutamka. Akasimamishwa mbele ya mabeseni kama mtoto wa shule.

"Fu-ngu-a," Bi Zuhura akasema.

"Fungwa."

"La, hiyo ni jela. Fu-ngu-a."

"Funga."

Wagonjwa kwenye benchi walikuwa wanamsaidia kwa sauti, wote pamoja. Mwishowe Bi Zuhura akatupa mikono. Maneno yote mawili yakapigwa marufuku thieta. Daktari akawa anasema "toa mpira," nami sikugusa kitu mpaka nirudie kwa sauti: "Natoa mpira. Mpira umetoka." Ndipo yeye aseme "bendeji."

Lakini maneno peke yake hayatoshi, kwa kuwa masikio huchoka. Bi Zuhura alitaka mpira wenyewe ukatae kusahaulika. Kwanza akaushonea utepe mrefu mwekundu. Wazo zuri, ila utepe ulitoa rangi kwenye sufuria ya kuchemshia, na wiki nzima tulifunga watu kwa shashi za waridi. Nyapara mmoja akakataa katakata kurudi shambani na mguu wa bibi arusi. Baada ya hapo tukabana ncha za mpira kwa koleo ya chuma badala ya kuzifunga fundo. Chuma kizito, kinaning'inia, kinagonga meza. Jaribu kufunga bendeji juu ya koleo uone. Haiwezekani hata ukiwa umelala. Na hilo ndilo ninalowaachia nyinyi wa leo: msijiahidi kwamba mtakumbuka. Tengenezeni kitu kitakachowazuia siku mtakayosahau.

Kidole cha Kimutai kilipona. Ngozi ya ncha ilibambuka, ukucha ukaota umepinda kama pembe ya mbuzi. Miezi kadhaa baadaye alirudi. Gambuti zilikuwa zile zile, na sasa ilikuwa zamu ya mguu wa kushoto. Sista aliniambia ningeweza kukaa nje siku hiyo. Kimutai akasema, "Hapana. Nataka huyu. Huyu sasa hawezi kusahau."

Daktari akakata. "Toa mpira." Nikarudia, nikatoa. Nilipotaka kuuweka kwenye trei, Kimutai akainuka kwa kiwiko na kunyoosha mkono.

"Lete nione."

Nikauweka kiganjani mwake. Akaugeuza, akauvuta kidogo, akaufumba ndani ya ngumi, na akaushika hivyo mpaka nilipomaliza bendeji. Kisha akanirudishia.

Nikampeleka nje kupumzika. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja wa Olenguruone, miguu ndani ya beseni, akitetemeka hata maji yakawa na mawimbi. Kimutai akakaa kando yake. Dirishani nilimsikia akimweleza pole pole, kwa sauti ile ya kutuliza ng'ombe anayekamuliwa mara ya kwanza: sindano itauma kidogo, baadaye husikii kitu, na hawa watu ni wazuri lakini wana mambo mengi kichwani, kwa hiyo wakimaliza uliza mpira yako, uishike.

Zamu yake ilipofika, yule mama aliingia akalala mezani. Daktari alikuwa bado ananawa, sindano haijatiwa dawa, na tayari yule mama alikuwa amenyoosha mkono wake kando ya meza, kiganja wazi.